Waliotaka Kukata Sehemu ya Kumi na Nne

Jana mchana niliota ndoto, na kwa kuwa ndoto za mchana huyeyuka upesi kama chumvi kwenye mchuzi, naiandika yote leo kabla sijasahau nani alisema nini.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni Subilaga, watu huniita Mama Lugano, mjane wa marehemu Gwamaka. Naishi hapa Tukuyu, katika nyumba ya baba mkwe wangu, mzee Ambakisye, seremala aliyestaafu. Mila ya wazee wetu inataka mke wa mwana asionane uso kwa uso na baba mkwe wake, wala asimsemeshe. Wengi siku hizi wameiacha. Mzee Ambakisye hajaiacha, nami sikutaka kuwa mtu wa kumwachisha. Kwa hiyo kati ya sebule yake na jiko langu pana pazia la kitenge, na tangu niolewe, miaka kumi na mitano sasa, namjua baba mkwe wangu kwa kikohozi chake, kwa nyayo zake, na kwa mgongo wake anapokwenda kanisani.

Tunaongea, ila si sisi kwa sisi. Yeye huiambia televisheni, mimi huliambia sufuria. Akitaka chai, huiambia televisheni kwamba leo kuna baridi. Chai ikiiva, mimi huliambia sufuria kwamba limefanya kazi nzuri, kisha naiweka chai kwenye stuli kando ya pazia na kurudi nyuma. Hatujawahi kukosa kuelewana.

Kilichotuweka karibu zaidi ni tamthilia moja ya Kikorea, ya mambo ya kale na mapenzi, iitwayo Unyoya wa Korongo. Binti aitwaye Yeonsu, mchora ramani, anavaa nguo za kiume ili apate kazi katika kasri la mfalme. Mwanamfalme Garam anampenda akidhani ni mwanamume, anahangaika. Kisha anagundua ni mwanamke, anafurahi. Kisha mawaziri wanataka kuwaua wote wawili. Sehemu arobaini. Imetiwa sauti za Kiswahili, na katika miaka minne kituo kimeirudia mara tatu. Mzee huitazama akiwa kitini, mimi huitazama kupitia upenyo wa pazia unaonionyesha nusu ya kioo. Yeonsu namjua kwa shavu la kushoto.

Jana asubuhi kituo kikatangaza kwamba watazamaji waandike ubora na udhaifu wa tamthilia hiyo, watume kwa simu.

"Ningekuwa na macho ya kuona herufi za simu," mzee akaiambia televisheni, "ningewaandikia."

"Tutaandika," nikaliambia sufuria.

Baada ya chakula nikakaa kwenye mkeka wa jikoni, simu mkononi. Nikaandika neno moja, Ubora, nikaweka nukta mbili. Nikasinzia.

Pazia likakakamaa. Nalishika, si kitenge tena, ni mianzi myembamba iliyofumwa kwa uzi mwekundu. Nageuka kuangalia jiko. Jiko halipo. Nimesimama kwenye uwanja wa kasri, mchanga mweupe, mapaa yamekunja ncha kama kope, na mbele yangu imesimama rimoti ya mzee Ambakisye, ileile iliyofungwa mpira ili betri zisidondoke. Imevaa kofia nyeusi ya singa za farasi na inalingana nami kimo.

Rimoti ikachezesha midomo. Ikafunga midomo. Ndipo sauti ikafika.

"Umechelewa, shahidi," ilisema.

"Sauti yako inachelewa pia," nikasema.

"Humu tumetiwa sauti za Kiswahili. Tuvumilie. Tupo watu mia mbili na waigizaji wa sauti ni watatu. Mfalme na punda wanatumia mtu mmoja, kwa hiyo hawawezi kuongea kwa wakati mmoja." Ikanipa kofia kama yake. "Vaa hii, wasijue kwamba wewe ni mwanamke."

Nilikuwa nimevaa kitenge, blauzi ya maua na hereni za harusi yangu. Nikaweka kofia juu ya kilemba.

"Karibu, kaka," rimoti ikasema kwa unyoofu kabisa.

Tukapita milango ya karatasi. Mlango wa kwanza una masikio mawili, moja lina hereni. Wa pili una masikio manne. Nilikuwa nikisikia watu wakisema kuta zina masikio, lakini sikuwahi kuona jinsi yanavyokaa.

"Mnasikia nini?" nikauliza.

"Kila kitu," mlango ukajibu. "Haijawahi kusemwa siri humu bila mtu kusimama nyuma yetu. Tumechoka, kaka. Laiti watu wangekuwa wanaandikiana barua."

Nikaupa pole. Ukashukuru, ukasema ni mara ya kwanza kupewa pole tangu sehemu ya pili.

Ndani ya ukumbi walikuwepo mawaziri, safu mbili, kila mmoja ameshika kibao cha pembe. Mwisho wa ukumbi palining'inia mianzi mingine, na nyuma yake ameketi mtu asiyeonekana.

"Huyo ndiye Mwamuzi," rimoti ikanong'ona, na mnong'ono nao ukachelewa. "Hapa mwenye uamuzi mkubwa hukaa nyuma ya pazia."

"Hata kwetu," nikasema.

"Tunakusihi ufikiri tena, Mtukufu!" mawaziri wakapiga kelele kwa pamoja, wakainama mpaka mapaji ya uso yakagusa sakafu. Mwamuzi alikuwa hajasema lolote.

Rimoti ikafungua karatasi ndefu, ikasoma. Shahidi ataje ubora na udhaifu wa Unyoya wa Korongo. Ubora utapimwa kwenye mizani, na ukiwa na uzito utahifadhiwa milele. Udhaifu utakatwa papo hapo. Kilichokatwa hakitakuwa kimewahi kuwepo.

Mkasi ukaingia. Ulikuwa mrefu kama mtu mzima, unatembea kwa ncha zake mbili, taratibu, kama bibi harusi mwenye viatu vya kubana. Ukaniinamia. "Shikamoo, Mama," ukasema. Kati ya wote waliokuwa humo, ni wenyewe tu uliojua kwamba mimi si kaka.

"Marahaba."

"Taja tu. Mimi sina haraka wala chuki."

Nikaanza na ubora, maana nimefundishwa kwamba mgeni husifu chakula kabla ya kuulizia chumvi. Nikasema, "Ubora wa kwanza ni macho. Hawa watu wanajua kuangaliana. Kabla Garam hajagusa kidole cha Yeonsu zimepita sehemu kumi. Kidole kimoja. Na alipokigusa, mimi jikoni niliacha kumenya ndizi, na sebuleni kuna mtu aliacha kukohoa."

Garam na Yeonsu wakaletwa wakapandishwa kwenye mizani. Hawakufanya chochote. Wakaangaliana. Upande wao ukashuka mpaka chini, ukatoboa sakafu, ukaendelea kushuka. Tukausikia ukigonga kitu mbali sana.

"Una uzito," rimoti ikaandika.

"Ubora wa pili ni yule mpishi mzee, Bibi Sundok. Kasri zima linalia hadharani, mfalme analia, majenerali wanalia. Yeye peke yake hulia jikoni, akigeukia moto, kisha anaonja supu na kuipeleka. Hakuna anayemuuliza. Aliyeandika hivyo, Mungu ambariki, anajua jiko ni nini."

Bibi Sundok akatoka nyuma ya nguzo na kijiko chake cha mti. Hakusubiri mizani. Akanishika mkono, viganja vyake vina moto wa chungu, akasema, "Nilijua kuna mtu upande wa pili. Siku zote nilihisi kuna mwenzangu anapika."

Nikaukaza mkono wake. Tumepika pamoja miaka minne.

"Udhaifu," Mwamuzi akasema nyuma ya mianzi. Sauti yake ilikuwa ya chini, wala haikuchelewa.

Nikakohoa. "Udhaifu wa kwanza ni mvua. Kila wanapogombana inanyesha, inawanyeshea wao wawili tu. Mimi naishi Tukuyu, mvua tunaijua. Mvua haina habari na ugomvi wa mtu."

Wingu dogo likaingia kwa mlango, limejikunja kwa aibu. "Nilikuwa nafanya kazi niliyopewa," likasema. Mkasi ukalikata katikati, kama pamba. Likadondoka likanyamaza. Garam na Yeonsu, waliokuwa wakigombana pembeni, wakatazama juu, wakakosa la kufanya na nyuso zao, wakasalimiana na kuondoka. Nilijisikia vibaya kidogo.

"Udhaifu wa pili," nikasema, "ni hii kofia. Uso ni uleule, sauti ni ileile, mtu anaweka kofia tu na kasri zima linasema huyu ni mwanamume. Tunaambiwa hawa mawaziri ni werevu."

Mkasi ukakata kamba ya kofia yangu. Kofia ikaanguka.

Mawaziri wakaruka nyuma. Watatu wakazirai. Mmoja akanielekezea kidole. "Mwanamke!"

"Tangu lini?" rimoti ikauliza, kalamu juu.

"Tangu nizaliwe."

Ikaandika.

"Udhaifu wa tatu," nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza kuuzoea ukumbi na kujiona mtu mwenye hoja, "ni yule mlinzi, Baek. Anapenda kuliko wote. Anapigwa mishale miwili kwa ajili ya Yeonsu. Anapata nini? Mwavuli wa kumshikia mwenzake."

Mkasi ukajikuna kichwa kwa ncha moja. "Huo ni upungufu, Mama. Upungufu haukatiki. Mimi hukata kilichozidi tu. Taja kilichozidi."

Nilifikiri kidogo sana. Laiti ningefikiri zaidi.

"Katikati imezidi," nikasema. "Kuanzia sehemu ya kumi mpaka ya ishirini, hadithi imelegea kama ugali usiosongwa. Watu wanaambiana leo walichoambiana jana. Wanaletwa watu wasiohusika, wanalia, wanaondoka. Ukiitoa yote, mtu hapotezi kitu."

"Hapotezi kitu?" Mwamuzi akauliza.

"Hapotezi kitu, Mtukufu."

"Tunakusihi ufikiri tena!" mawaziri wakasema, lakini kwa kuwa ndivyo wasemavyo kila mara, sikuwasikiliza.

Ukumbi ukaondoka. Sikuuona ukienda. Sasa tumesimama katikati yenyewe: bonde refu, ardhi inabonyea kama kitanda kilicholegea kamba, na watu wa tamthilia wametapakaa humo wakinywa chai. Jenerali mmoja anamwambia mwenzake kwamba hali ni mbaya. Mwenzake anamwambia kwamba hali ni mbaya kweli. Wanatazama upeo wa macho. Upepo unapuliza ndevu zao. Jenerali anasema tena kwamba hali ni mbaya.

Mkasi ukaanza kazi. Sehemu ya kumi, ikaenda, sikuona hasara. Ya kumi na moja ukaniuliza kama nataka kubakiza kidole. Nikasema kidole kibaki, kikabaki chenyewe, kinaelea. Ya kumi na mbili, ya kumi na tatu. Majenerali wakatoweka katikati ya sentensi. Nikahisi wepesi, kama mtu anayefagia uwanja.

Kando ya kijito alikuwepo mwanamke wa makamo, nguo nyeupe za msiba, anapiga nguo juu ya jiwe kwa magongo mawili. To-to-to. Nikamtambua kwa shavu la kushoto.

"Wewe ni Bibi Okdan," nikasema.

"Ndiye mimi," akasema. "Wa sehemu ya kumi na nne. Sina kazi katika hadithi. Mume wangu anakufa, ndugu zake wananitoa nyumbani, napita mbele ya Yeonsu na fungu langu, basi, sionekani tena." Akaendelea kupiga nguo. "Usijali. Mimi ndicho kilichozidi."

Kuna kitu kikanigusa kifuani, kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Nikafungua kinywa. Mdomo wangu ukacheza, ukafunga, na sauti haikuwa imefika bado.

Mkasi ukakata.

Niko stendi ya Kyela, mchana, jua la kule chini linachoma. Miguuni pangu kuna sanduku langu la bati na godoro lililokunjwa. Shemeji yangu Ipyana, mdogo wake Gwamaka, anafunga kamba kwenye sanduku.

"Tumefika, shemeji," anasema bila kuniangalia. "Kwenu si mbali kutoka hapa."

"Kwetu ni Tukuyu. Nyumba ya baba."

"Kikao cha ukoo kiliamua urudi kwenu. Hakuna aliyepinga."

"Baba alipinga!"

Ipyana anainua uso. Hana ubaya usoni, ana mshangao tu. "Baba alipinga lini? Taja sehemu aliyosema."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, na ni lazima nieleze, maana hili silo la ndotoni. Lilitokea kweli.

Gwamaka alipofariki, ndugu zake walikutana sebuleni baada ya matanga. Ipyana akasema kwamba mimi bado kijana, kwamba nyumba inahitajika, kwamba ni vizuri nirudi kwetu na mtoto. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya pazia, nimeshika mwiko, sina la kusema na nisingeruhusiwa kulisema. Mzee Ambakisye hakujibu. Tangu azike mwanawe alikuwa hajasema neno na mtu yeyote, siku ya tisa hiyo. Televisheni ilikuwa imewashwa ili kuficha ukimya. Ilikuwa Unyoya wa Korongo, mara ya kwanza kuonyeshwa, na hakuna aliyekuwa akiitazama. Bibi Okdan akapita na fungu lake kichwani.

Na mzee akaiambia televisheni, kwa sauti iliyokwaruza kama msumeno uliokaa muda bila mafuta: "Hiyo si haki. Mtu akipika katika nyumba miaka kumi na mmoja, hiyo ni nyumba yake. Huyo mama wamwache. Hapa kwangu jambo kama hilo halitatokea maadamu ninaishi."

Kikao kikageukia habari ya chai. Mimi niliweka mwiko chini, nikaliambia sufuria kwamba litie maji zaidi, wageni watakunywa.

Miaka minne imepita. Sikuwahi kumshukuru. Ningemshukuru vipi? Yeye hakuniambia mimi. Alimtetea Bibi Okdan.

Nikaacha sanduku hapohapo stendi. Nikapanda mlima kurudi kwa miguu, napita mashamba ya kakao, napita migomba, napita chai, na chai ikaisha pakawa na lango la kasri. Milango ya karatasi ikanitambua.

"Upite," ikasema. "Tumesikia kila kitu."

Nilijua la kufanya, nimeliona mara nyingi. Mtu anayeomba jambo kubwa hutandika mkeka uwanjani mbele ya ukumbi, anafungua nywele, anapiga magoti, na hanyanyuki mpaka ajibiwe. Nikatandika. Nikavua kilemba, nikapiga magoti kwenye ule mchanga mweupe.

"Naomba sehemu ya kumi na nne irudishwe!" nikapaza sauti.

Hewani yakatokea maandishi meupe: Siku tatu baadaye. Na siku tatu zikapita palepale, zote, juu yangu. Njaa ya siku tatu ikaniingia kwa mkupuo. Midomo ikapasuka. Theluji ikaanza kuanguka, kitu ambacho sijawahi kukigusa maishani, ikajaa mabegani na kwenye nywele. Nilikuwa na ile blauzi ya maua tu. Nikatetemeka mpaka meno yakagongana.

Theluji ikakoma juu yangu peke yangu. Nikatazama. Mlinzi Baek amesimama na mwavuli, mishale yake miwili bado imemchoma begani.

"Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna. Ndivyo nilivyo."

"Ahsante, Baek. Nilikusema vibaya. Nilidhani hupati kitu."

"Napata kusimama karibu," akasema. "Si kidogo, Mama."

Mianzi ya ukumbi ikasogezwa, ila haikufunguliwa. Mwamuzi akasema kutoka ndani, "Shahidi. Ulisema sehemu hizo zimezidi."

"Nilisema."

"Sehemu ya kumi na nne haina vita. Hakuna anayebusiwa. Hakuna siri inayofichuliwa. Yule mjane hahusiani na lolote."

"Kweli, Mtukufu."

"Ina ubora gani?"

Mawaziri wakavuta pumzi tayari kusihi. Nikawatangulia.

"Haina ubora," nikasema. "Ni mbaya. Ni ndefu, imelegea, na yule aliyeigiza ndugu wa mume alikuwa akicheka chini chini. Lakini ilikuwa imewashwa siku ile. Palikuwa na mzee aliyekuwa amenyamaza siku tisa kwa uchungu wa mwanawe, na mila imemfunga asinisemeshe, na haya imenifunga nisijitetee. Yule mama akapita na fungu lake, mzee akapata mtu wa kumtetea. Tamthilia nzuri, iliyokazwa vizuri, isingekuwa na nafasi ya yule mama. Ingekimbia kwenda kwenye vita. Hii ilikuwa na uvivu wa kutosha kumtazama mjane akipita, na sisi tukapata kupita humohumo."

Sauti zilizochelewa hazikuwa na cha kuleta. Waziri mmoja, kwa mara ya kwanza katika sehemu arobaini, akamgeukia mwenzake akamuuliza anafikiri nini, na mwenzake akasema hajui, hajawahi kuulizwa.

"Umemaliza?" Mwamuzi akauliza. Kisha akakohoa.

Kikohozi kile nimekisikia kila asubuhi kwa miaka kumi na mitano. Mara mbili kavu, mara moja ya kusafisha koo. Aliyekaa nyuma ya mianzi ni mzee Ambakisye.

Sikusimama. Sikuisogelea mianzi, maana mila ni mila hata ndotoni. Nikainama mpaka paji la uso likazama kwenye theluji, na nikasema kwa sauti ambayo nilikuwa sijui ninayo.

"Baba! Ahsante kwa kunibakiza! Ahsante kwa Lugano kukulia kwa babu yake, ahsante kwa kila chai uliyokunywa kama imepikwa na binti yako. Nilikuwa nasubiri siku yenye njia ya kusema. Haikuja. Nasema bila njia."

Theluji ikakoma uwanja mzima. Kwa mbali, kando ya kijito, nikasikia magongo mawili yakianza upya kupiga nguo. To-to-to. Bibi Okdan amerudi kazini.

Mwamuzi akavuta pumzi ajibu. Kengele ya kasri ikalia kabla hajatamka neno, na nikaamka.

Jua lilikuwa limeinama upande wa alasiri. Simu ilikuwa kifuani, na neno lile moja na nukta zake mbili. Umeme ulikuwa umekatika: taa ndogo nyekundu ya televisheni, ambayo huiona kupitia upenyo, haikuwaka. Sufuria nilikuwa nimelianika nje, na Lugano alikuwa hajarudi kutoka shuleni. Kwa hiyo ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na kati yetu kitambaa.

Nilikaa kwenye mkeka nikisikiliza kiti chake kikilia. Niliogopa kuliko kule uwanjani, maana huku hakuna mwavuli wa mtu. Nikajiambia kwamba mtu aliyelisema jambo mara moja, hata kama ni usingizini, anaweza kulisema mara ya pili. Nikapiga magoti mbele ya pazia. Sikuligusa.

"Baba," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Ahsante kwa kunibakiza."

Kiti kikaacha kulia. Jirani mmoja akamwita kuku wake, kuku akaja, na bado sebuleni kimya. Nikawa najuta. Nikawa nafikiria jinsi ya kusema kwamba nilikuwa nazungumza na simu.

Kisha akakohoa.

"Nimeshasikia, mwanangu," akasema, na hakuiambia televisheni. "Nilikuwa najibu, ikalia ile kengele. Sikiliza. Siku nyingine, kwenye theluji nyingi vile, uvae sweta."